Namna ya kuushtua mtaa kuhusu watoto wanaotoroka nyumbani na kulala nje, kwa watu wa Mtwara na Lindi

Hii nawaandikia watu wa huku kwetu Kusini, Mtwara mjini, Masasi, Newala, Tandahimba, Lindi, Nachingwea, Kilwa, wale ambao wamechoka kuona madogo wanalala kwenye baraza za maduka na wanataka kufanya kitu ila hawajui waanzie wapi. Inaweza kuwa kikundi cha vijana, kina mama wa vikoba, umoja wa bodaboda, hata vijana watatu tu wa msikitini. Kampeni nyingi zinakwenda hivi: tisheti, bango, maandamano ya asubuhi, mgeni rasmi kachelewa, soda, picha, kwisha habari. Jioni yake stendi iko vilevile. Mimi nasema elimu ianze kwa wale wanaomuona mtoto usiku wa kwanza, kabla hajapanda gari la Dar, manake akishashuka Mbagala kumpata ni kazi nyingine kabisa, ni kilomita mia tano na zaidi kutoka Mtwara na huko hamjui mtu.

Hatua ya 1: Zunguka kwanza, usichapishe kitu

Kabla ya kutengeneza hata stika moja jua wanakaa wapi na saa ngapi. Stendi nenda alfajiri kabla mabasi hayajatoka, na siku hizi mabasi ya usiku yamerudi kwaiyo nenda na usiku pia. Feri nenda asubuhi vyombo vikirudi, utawaona wanabeba ndoo na kupara samaki. Jioni pita kwenye vibanda umiza (vile vya kuonyesha video na mpira), nyuma ya baa, vituo vya mafuta ambako malori ya simenti na ya makaa ya mawe yanapumzika. Msimu wa korosho pita karibu na maghala, kuna watoto wanaokota zinazodondoka na kuuza kwa kopo kwa wale jamaa wa kangomba, yaani wanaonunua korosho kinyemela nje ya ushirika. Alafu kuna zile njia panda, Mnazi Mmoja pale Mingoyo ambapo barabara inagawanyika ya Lindi, ya Mtwara na ya Masasi, Nangurukuru pia, na Somanga ambako basi likisimama tu linazungukwa na madogo wenye samaki wa kukaanga.

Usiwaulize watoto maswali kama polisi. Kaa kwa mama ntilie, agiza chai, muulize yeye. Mama ntilie anajua kila kitu, anajua nani anarudi kwao saa mbili usiku akishauza mifuko yake na nani analala chini ya meza yake. Hao ni watu wawili tofauti kabisa. Yule anayefanya kazi mtaani na kurudi nyumbani shida yake ni ya kwao, njaa au michango ya shule au mama mgonjwa. Yule anayelala nje shida yake ni kwamba nyumbani pamemshinda. Na kuna wa tatu, yule aliyefika leo, nguo bado safi, begi la shule mgongoni lakini ndani hamna daftari. Huyo wa tatu ndo mnaomtafuta hasa.

Wasichana hamtawaona. Msije mkarudi mkasema huku kwetu ni wavulana tu wanaotoroka, wasichana wanapokelewa haraka, mtu anamchukua akasaidie kazi za ndani, au anasafirishwa Dar na mama mmoja ambaye kaambia familia kuna kazi nzuri, au mhudumu wa gesti kamuona kaingia na mtu mzima na kanyamaza kwa sababu chumba kimelipiwa.

Picha marufuku. Hata ya mgongo, hata ya miguu. Na usiende usiku kuwaamsha waliolala eti unafanya utafiti.

Hatua ya 2: Uliza swali moja ofisini

Kuna utaratibu wa kawaida, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa au kijiji, afisa maendeleo ya jamii, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi. Barua moja, nakala kwa wote, sitawachosha na hilo. Kila kata pia inatakiwa iwe na kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto, zimeundwa chini ya ule mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili unaoitwa MTAKUWWA, uliza yenu iko hai au ipo kwenye faili tu.

Lakini swali lenyewe la kuuliza ni hili: mtoto akipatikana saa nne usiku, anapelekwa wapi? Nani anapokea simu, na analala kwa nani? Msiridhike na jibu la "ataletwa ofisini", ofisi inafungwa saa tisa na nusu. Ustawi wa jamii wana utaratibu wa walezi wa kuaminika, yaani familia zilizochunguzwa ambazo zinaweza kumpokea mtoto kwa muda, muulizeni afisa wenu kama kata yenu inazo, kama hazipo basi hapo ndo pa kuanzia, tafuteni kina mama wawili watatu wenye heshima zao wapitie huo utaratibu. Mkianza kutangaza kwenye redio "ukimuona mtoto toa taarifa" alafu mtu akatoa taarifa akazungushwa mpaka asubuhi, hatatoa tena, na atawaambia wenzake kumi.

Namba ya 116 ni ya bure, ni Huduma ya Simu kwa Mtoto, mtoto mwenyewe anaweza kupiga au mtu mzima. Hiyo iwe kwenye kila kitu mtakachochapisha, ila isiwe peke yake, ongezeni namba ya mtu wa hapahapa ambaye anaweza kufika kwa miguu.

Hatua ya 3: Watu wa usiku wa kwanza

Hapa ndo mtumie nguvu zenu zote. Orodha yangu: wakata tiketi na makonda, bodaboda na bajaji wa stendi, mama ntilie na wauza chai, wahudumu wa gesti, walinzi wa maghala na vituo vya mafuta, vijana wa feri. Hawa hawaji kwenye semina. Hawana muda na ukiwaita ukumbini watauliza posho, na mimi siwalaumu, mtu anayekula kwa siku ukimtoa stendi masaa matatu umemtoa kwenye mboga yake. Wafuate kijiweni, dakika kumi na tano, mida ambayo abiria hamna.

Wafundishe kuuliza kiungwana. Konda mmoja nilimsikia mwenyewe anavyofanya, mtoto wa kiume miaka kumi na mbili hivi kashika noti ya elfu kumi imekunjwa kidogokidogo:

"Mambo mdogo wangu. Unaenda wapi?"
"Shikamoo. Dar."
"Marahaba. Dar kubwa hiyo. Unashukia wapi?"
"Kwa anko."
"Anko anakupokea? Nipe namba nimwambie tumeshakata tiketi."

Kimya. Dogo anaangalia viatu.

"Haya, hujala wewe. Kaa hapo kwa mama, gari bado."

Basi. Hakupiga kelele "huyu mtoro!", manake ukipiga kelele anakimbia, na akikimbia anaenda kwenye malori ambako hamna tiketi wala jina. Mtoto anayesafiri kwa halali anakuwa na namba ya simu kwenye karatasi, na kuna mtu mzima kamleta mpaka mlangoni kwa basi na kumkabidhi kwa konda kwa jina. Asiye na vyote viwili, asipandishwe kwanza.

Baada ya hapo konda anampigia mtu wenu. Mtu wenu anakuja na mwingine, wawe wawili, mmoja mwanamke. Hili nalisisitiza kwa sababu watu wana hofu ya kweli, siku hizi ukionekana unatembea na mtoto asiye wako unaitwa mtekaji na unaweza kupigwa kabla hujajieleza. Kwaiyo kitu cha kwanza ni simu kwa mwenyekiti wa mtaa, cha pili jina la mtoto na saa mliyomkuta viandikwe kwenye daftari, cha tatu dawati au ustawi. Hakuna kumpeleka nyumbani kwako "alale tu kesho tutaona".

Na waambieni wazi kwamba sio umbea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na inampa mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa akiona haki ya mtoto inavunjwa. Wahudumu wa gesti hilo walisikie mara mbili.

Hatua ya 4: Jua kalenda ya huku kwetu

Watu wanapenda kufanya kampeni tarehe 16 Juni kwa sababu ni Siku ya Mtoto wa Afrika, au 12 Aprili ambayo dunia inawakumbuka watoto wa mitaani. Sawa, tumieni, siku hizo viongozi wanakuwa na nafasi. Wamarekani wao wana mwezi mzima wa Novemba wa kuzungumzia watoto wanaotoroka nyumbani, na wana simu yao ya taifa iliyoanzia Chicago mwaka 1971. Huo Novemba kwetu pia ungefaa, ingawa kwa sababu nyingine kabisa: korosho.

Kuanzia Oktoba pesa inaingia. Minada inapigwa, AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) zinalipa, mtoto ambaye kaokota mashambani kwa watu kapata zake, kanunua simu, na simu ina rafiki aliyeko Dar anayemwambia njoo huku maisha. Baba naye kapata, kaoa mke wa pili, au kahamia kwenye pombe, na nyumbani kumeanza kuchafuka. Kabla ya korosho kuna mtihani wa darasa la saba Septemba, baada yake mtoto yuko huru hana shule wala kazi. Januari matokeo ya kidato cha nne yanatoka, na wapo wanaoondoka usiku wa matokeo wasisubiri kuulizwa. Likizo za Juni na Desemba kuna unyago na jando. Kwaiyo ukiniuliza mimi, nguvu ya kampeni iwe Septemba mpaka Januari, na Nane Nane pale Ngongo mnaweza kuomba kakona kwenye banda la halmashauri yenu mkajaribu ujumbe wenu kwa watu kabla ya msimu.

Hatua ya 5: Wajomba, bibi na manyakanga

Kampeni zinazotoka Dar zinasema "wazazi ongeeni na watoto wenu". Huku kwetu kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua, Wayao, ukoo wa mtoto kwa asili ni wa mamaake, na mwenye sauti ni mjomba. Mtoto akigombana na baba wa kambo anakimbilia kwa bibi mzaa mama, na bibi akifariki ndo unamkuta stendi. Ongea na wajomba. Kikao cha wajomba kijijini baada ya sala ya Ijumaa au siku ya kulipwa AMCOS kina faida kuliko mkutano wa hadhara, ujumbe wenyewe mfupi tu: mtoto wa dadaako akija kwako usiku analia, mpokee kwanza, ugomvi na shemeji yako utaongea kesho.

Manyakanga na mangariba nao, yaani wale wasimamizi wa unyago na jando. Mkae nao mapema, sio kuwafokea kwamba mila mbaya, wakisikia hivyo wanafunga masikio na mimi ningefunga pia. Waombeni kitu kimoja, siku wali (watoto waliokuwa unyagoni au jandoni) wanapotolewa na kijiji kizima kipo uwanjani, nyakanga mwenyewe aseme kwamba mtoto aliyechezwa bado ni mtoto, hajapata ruhusa ya kuolewa wala ya kwenda kutafuta maisha Dar. Akisema yeye inakaa. Ukisema wewe na tisheti yako watu wanasubiri ngoma irudi.

Hatua ya 6: Shule na mageto

Fupi. Shule za kata ziko mbali, wanafunzi wanapanga vyumba karibu na shule, wanajipikia, hakuna mtu mzima. Wale tayari wanaishi peke yao, wanajiita wanafunzi tu kwa sababu wana sare. Ongeeni na mwenye nyumba, sio na mwalimu mkuu peke yake. Mwenye nyumba ndo anajua chumba hakijafunguliwa siku tatu. Apewe namba. Na mwalimu wa malezi akubali mtoro kuuliziwa kwao wiki hiyohiyo, asisubiri mpaka afutwe kwenye rejista.

Hatua ya 7: Ujumbe wenyewe

Stika ndogo nyuma ya kiti cha bajaji na kwenye dirisha la kukatia tiketi zinasomwa kuliko bango kubwa la mzunguko. Maneno machache, herufi kubwa, hakuna picha ya mtoto anayelia, na msiandike "chokoraa" popote hata kama mtaani ndo linalotumika. Mfano:

MTOTO YUKO PEKE YAKE STENDI? Muulize anapokelewa na nani. Mkalishe hapohapo. Piga 116 bure, au namba hii ya mtaa.

Na ya pili ya mtoto mwenyewe, kwenye vibanda umiza na vyoo vya stendi: UMEONDOKA NYUMBANI? Hujakosea kuomba msaada. Piga 116, ni bure, hautapigwa.

Hilo la mwisho hakikisheni ni kweli kabla ya kulibandika. Kama mgambo wa soko lenu anawachapa, anzeni na mgambo.

Redio zetu za jamii zinasikilizwa mpaka shambani, Jamii FM ya Naliendele, Mashujaa FM ya Lindi, ombeni kipindi cha jioni watu wakiwa wameshakula. Mpelekeni konda, mama ntilie na afisa ustawi, watatu hao wanatosha, wanasiasa waje kipindi kingine. Mtoto aliyewahi kulala nje asipelekwe studio kusimulia, sauti inatambulika, na kijijini kwao watamjua kabla kipindi hakijaisha.

Hatua ya 8: Matangazo ya WhatsApp

Hapa pameharibika. Kila siku kuna picha ya mtoto kapotea, ukifuatilia ni ya miaka mitatu nyuma na ya mkoa mwingine, na watu wameanza kuzipuuza. Makundi yenu yakubaliane: tangazo halirushwi mpaka admini mmoja apige namba iliyopo. Liwe na tarehe na RB, ile namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi. Mfano wa tangazo zuri:

"Ijumaa tarehe fulani. Anatafutwa kijana wa kiume miaka 13, mrefu mwembamba, shati jeupe la shule na kaptula ya bluu, ametoka nyumbani Alhamisi asubuhi, alionekana mara ya mwisho njia ya Masasi. Ukimuona usimkamate, ongea naye, piga namba hii au 116. RB ipo. Akipatikana tutafuta tangazo hili."

Msiandike sababu ya kuondoka, msiandike "ameiba hela za mamaake" hata kama kaiba, manake mtoto akiona hiyo kwenye simu ya mtu hatarudi. Na akipatikana kweli futeni na mwandike amepatikana, picha yake isiendelee kuzunguka mpaka anamaliza kidato cha nne.

Hatua ya 9: Wale waliovuka 18

Dogo wa miaka 19 anayelala feri sio wa dawati la watoto, ustawi watamsikiliza lakini hawatampeleka kwa mlezi. Wengi walianza huko wakiwa na kumi na moja. Huyu msimhubirie arudi kwao. Ulizeni VETA, chuo cha ufundi, ipo Mtwara na ipo Lindi, na ile mikopo ya halmashauri ambayo asilimia 4 ya mapato yake ya ndani inatengwa kwa vijana, ila inataka kikundi kilichosajiliwa, na dogo wa feri hana kitambulisho cha NIDA wala barua ya mtaa. Kwaiyo kazi yenu kwake ni ya makaratasi: mwenyekiti amtambue kama mkazi, aandikwe, apate barua. Inachosha na haina picha nzuri ya kuposti. Na hawa wakubwa mkiwa nao vizuri ndo macho yenu bora kuliko wote, wanamjua mgeni ndani ya nusu saa.

Hatua ya 10: Daftari

Msihesabu stika wala watu waliokuja uwanjani. Wekeni daftari moja kwa mtu mmoja anayeaminika, lisibebwe kijiweni, liwe na vitu vinne tu: nani alipiga simu (konda, mama ntilie, bodaboda), ilikuwa saa ngapi, mtoto alifika kwa nani usiku huo, na baada ya mwezi yuko wapi. Hilo la mwezi ndo linasahaulika, mtoto anarudishwa nyumbani watu wanapiga makofi, alafu baba wa kambo yuleyule na fimbo ileile, wiki mbili yuko Mingoyo tena. Afisa ustawi ndo anatakiwa kufuatilia lakini ana kata nyingi na mara nyingi hana usafiri, bodaboda wa umoja wenu akimpeleka siku moja kwa mwezi mmeshamsaidia nusu ya kazi.

Kila baada ya miezi mitatu fungueni mkaangalie nani anapiga na nani hapigi. Kama wahudumu wa gesti hawajapiga hata mara moja sio kwamba kwao hakuna kitu. Rudini huko, mkaongee na mwenye gesti mwenyewe na sio mhudumu, na mkumbushe leseni yake inatoka halmashauri. Na makonda wanabadilishwa gari kila mara, kwaiyo kabla ya Oktoba pitieni tena stendi nzima mkaangalie namba zenu bado zipo kwenye simu za nani.